Sisi wa Viti vya Nyuma Tunataka Usukani

Kila mwaka, mapumziko ya katikati ya muhula yakikaribia, klabu yetu huanza mazungumzo yale yale: twende wapi, nani ana gari, kila mtu achange riali ngapi. Na kila mwaka, bila ya mtu kusema, tunagawika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la waendeshaji, nao ni wale wale, vijana watatu wanne ambao baba zao au ami zao wana magari ya 4x4 na wamewafundisha mchanga tangu wadogo. Fungu la pili ni sisi: wasichana, wenzetu waliokuja kusoma kutoka Unguja na Pemba wasio na jamaa wenye magari hapa Omani, na wavulana ambao nyumbani kwao hakuna ila Corolla. Sisi hukaa nyuma, tukapakata sufuria za biriani na kupiga picha.

Tumekaa nyuma miaka mitatu na hatukulalamika. Sasa tunalalamika.

Februari iliyopita tulikwenda Khaluf, mkoa wa Al Wusta, safari ya saa tano hivi kutoka Maskati. Aliyewahi kufika anaujua mchanga wake, mweupe kama sukari, na vilima vyake vinavyoteremka mpaka baharini. Tulikuwa na gari moja. (Tunajua. Mtatusema, na mna haki.) Asubuhi maji yalikuwa yamepwa, ufukwe mpana na mgumu, gari likaenda kama liko kwenye lami. Mwenzetu wa Pemba akasema kutoka kiti cha nyuma kabisa: "Mwezi mpevu ulikuwa juzi. Hili bamvua, tusishinde huku chini." Hakuna aliyemjibu. Muziki ulikuwa juu.

Kaka yetu aliyekuwa akiendesha ni dereva mzuri, tunamwambia hivyo mpaka leo. Alikipanda kilima cha kwanza sawasawa. Alipoteremka upande wa bahari palikuwa na shimo ambalo jua la utosini lilikuwa limelificha. Magurudumu ya mbele yakaangukia humo, usukani ukajizungusha wenyewe kwa nguvu, na kidole gumba chake kilikuwa kimekumbatia usukani kwa ndani. Gari likasimama limezama, chini ya ule mstari wa mwani mkavu unaoonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Mkono wake ukavimba pale pale.

Tulikuwa sita. Wawili kati yetu wa nyuma tuna leseni za Omani, tulizozipata kwa halali, kwa kurudi nyuma kati ya mapipa bila ya kuyagusa. Hakuna pipa hata moja Khaluf. Mmoja wetu akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta, sisi wengine tukasukuma. Tairi zikazunguka, zikachimba, gari likakalia tumbo. Tukakanyaga tena, maana hatukujua la kufanya jengine. Bahari, ambayo tulikuwa tumeiona mbali, ilikuwa haiko mbali tena.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mvuvi, aliyekuja na pikapu yake iliyokula kutu, ile ya kuvutia mashua. Tulidhani atatoa kamba. Hakutoa. Alilizunguka gari, akaminya tairi kwa kidole, akauliza kwa Kiarabu tumebakisha upepo kiasi gani. Kaka akasema 28. Kwa nini 28? Kwa sababu pampu ya kujazia ilisahauliwa bwenini, na aliogopa kurudi barabarani na tairi laini. Mzee akainama, akatoa upepo tairi zote nne mpaka 15. Akatupa beleshi, akatuonyesha tuchimbe mbele ya tairi na chini ya tumbo, tufanye njia ya mteremko. Halafu akauliza nani ana leseni, na akamkalisha dada yetu kwenye usukani, yule aliyekuwa amelizamisha zaidi. Gia ya chini, magurudumu yaelekee mbele, mguu mwepesi. Gari likatoka. Wimbi la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye mashimo tuliyoyachimba.

Basi hebu tuseme tunachotaka kusema. Hatari ya siku ile haikuletwa na kidole cha kaka. Kidole humteguka mtu yeyote. Hatari ni kwamba elimu yote ya mchanga iliyokuwamo garini ilikuwa ndani ya kichwa kimoja, nacho kiliumia. Na elimu ya bahari ilikuwamo pia, kiti cha nyuma kabisa, lakini mwenye nayo hakuhesabiwa kuwa ni mtu wa kuulizwa. Aliyekulia Pemba hahitaji programu ya simu kumwambia bamvua ni nini, wala kwamba maji yanakawia kila siku karibu dakika 50. Bwana anayejua gia hajui maji, anayejua maji hajawahi kushika gia, na hawaongei.

Tangu siku hiyo tumejifunza, kwa aibu na kwa subira ya ami wa mmoja wetu kule Bidiyah, na tunaweza kusema kwamba mambo yenyewe si siri ya ukoo. Kubwa kuliko yote ni upepo wa tairi. Barabarani gari kama lile hubeba 35 hivi. Ukishusha mpaka 15 au 18, tairi hulala, na alama yake kwenye mchanga hurefuka sana kuliko inavyopanuka, kama wayo wa ngamia unavyotandazika. Uzito ule ule unakalia mahali pakubwa zaidi, na gari linapita juu badala ya kulima. Ukishuka chini ya 12 bila ya kujua unachofanya, tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Hili peke yake lingetuokoa, na linahitaji kipimo cha upepo na dakika kumi. Nguvu za injini, ambazo vijana wetu husifiana usiku kucha, ziko nyuma sana kwenye orodha.

Yaliyobaki ni adabu. Vidole gumba vikae nje ya usukani. Usikanyage breki ghafla, acha mchanga wenyewe ukusimamishe, na simama pua ikielekea chini. Kilima hupandwa moja kwa moja na kushukwa moja kwa moja, kwani anayekata kwa ubavu ndiye anayepinduka. Tairi zikianza kuzunguka bure, ondoa mguu, rudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe. Na vilima visomwe kabla ya kupandwa: vilima vya pwani ile vinajengwa na kusi, upepo ule ule uliokuwa ukivirudisha vyombo vya babu zetu kutoka Zanzibar. Upande unaopigwa na kusi ni wa taratibu na mchanga wake umeshikana. Upande wa pili umemwagika tu, laini, umesimama karibu nyuzi 33. Pale penye ukoko wa chumvi, sabkha, usiende hata kwa kuangalia, maana chini yake ni tope.

Tumeshasikia majibu. Kwanza, "gari si langu, ni la baba." Hili ni zito na hatulichezei. Bumba la mchanga likivunja kioo au maji ya chumvi yakila chasisi, analipa baba. Basi klabu ichange, na safari ya siku ya kujifunza ifanywe kwenye tambarare, gari likiendeshwa kwa mwendo wa baiskeli na mwenye gari amekaa pembeni. Pili, "wazee wa wasichana watasemaje?" Tumewauliza wetu. Mama mmoja, ambaye mwenyewe anaendesha kwenda kazini Maskati kila siku, alishangaa kwamba binti yake alikuwa hajui. Tatu, "mtatuharibia raha." Hapo hatuna jibu zuri. Raha ya mtu mmoja kurusha gari huku watano wanapiga kelele tumeionja, na kweli ni raha.

Tunachoomba kwa safari ijayo ni hiki. Magari yasipungue mawili. Kila atakayepanda, awe na leseni au hana, ajue kutoa upepo, kujaza, kuchimba na kumwelekeza dereva kwa mikono. Wenye leseni wote washike usukani angalau mara moja kabla ya mtu yeyote kupanda kilima. Na mmoja apewe kazi ya maji, atangaze saa za kupwa na kujaa kabla ya kutoka kambini, naye akisema tuondoke, muziki uzimwe.

Tuongeze moja, hata kama mtatuona tunajifanya. Kisiwa cha Masirah, kilicho mbele ya pwani ile, ni miongoni mwa mahali pakubwa duniani ambapo kasa wa aina moja huja kutaga. Mtoto wa kasa akianguka ndani ya alama ya tairi hutembea ndani yake kama mtu aliyeingia mtaroni, na anaweza asiifikie bahari. Kwenye fukwe za kutagia tusiendeshe kabisa, hasa usiku.

Kipimo cha upepo tumeshanunua, kwa pesa zetu. Kimo kwenye droo ya meza ya klabu, pamoja na beleshi nyuma ya mlango. Anayetaka kukiazima aandike jina, na akirudishe.