Mtoto Asiyejua Kusoma si Mpumbavu, wala si Mchawi



Kila mwisho wa mwaka wa shule, hapa Kamina, maneno ni yaleyale. Mtoto analeta nyumbani karatasi ya maksi: ameambiwa arudie kalasi ileile, mara ya pili au ya tatu. Baba anashika fimbo. Jirani ananong'ona, "Amelogwa." Shangazi anasema, "Tumpeleke kwa nabii, labda yeye mwenyewe ana uchawi." Hakuna anayeuliza: mtoto huyu ana shida gani?

Sisi makatekista tunamjua. Atakutajia vituo vya gari-moshi toka Kamina mpaka Bukama bila kukosa. Akisikia mfano wa Msamaria mwema mara moja tu, anausimulia vizuri. Lakini umpe kitabu: herufi zinamponyoka, anasoma "ba" mahali pa "da", anaruka silabi, jasho linamtoka. Je, huyu ni mpumbavu? Hata kidogo!

Shida hii ina jina: disileksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri, asiyeweza kujifunza kusoma. Mwalimu wake alishuhudia kwamba angewapita wenzake wote kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Tangu hapo wataalamu wamegundua kwamba ubongo wa watu hao hupata taabu kuunganisha herufi na sauti za maneno. Mara nyingi jambo hili hurithiwa katika ukoo. Si uvivu, wala si mkono wa mtu. Wanakadiria watoto 5 hadi 10 katika kila 100. Basi, katika kalasi ya watoto 60, wako 3 hadi 6.

Wengine watajibu: "Fimbo ndiyo mwalimu." Uongo! Fimbo haimfundishi kiziwi kusikia. Inamfundisha mtoto kukimbia shule na kubeba mizigo sokoni. Na wanaowaita watoto wachawi wajue kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inawaadhibu kwa kifungo. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Lakini mlango wazi wafaa nini, ikiwa mtoto anafukuzwa kwa dharau?

Wazazi, mpelekeni kwanza apimwe macho na masikio. Walimu, anzeni na Kiswahili au Kiluba, lugha anazozisikia kila siku. Kifaransa ni kigumu zaidi, maana sauti "o" peke yake huandikwa o, au, hata eau. Aandike herufi mchangani kwa kidole, huku akiitamka. Mpeni muda. Mwulizeni kwa mdomo. Msimlazimishe kusoma mbele ya wenzake wanaomcheka.

Na ninyi makatekista wenzetu! Wako wanaomnyima mtoto Komunyo ya kwanza kwa kuwa hawezi kusoma katekismo. Nani aliwapa amri hiyo? Papa Pio wa Kumi, katika agizo lake la mwaka 1910, alitaka mtoto ajue kupambanua Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Hakudai asome. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 913, yadai afahamu kadiri ya uwezo wake. Mkumbukeni Mtakatifu Yohane Maria Vianney: Kilatini kilimshinda seminarini, lakini alipewa upadri mwaka 1815, na leo ni msimamizi wa maparoko. Kama wakubwa wake wangetazama kitabu tu, watu wa Ars wasingempata paroko wao.

Basi, tupa fimbo hiyo. Acha safari za kwa nabii. Keti na mtoto, herufi moja kwa siku, kwa uvumilivu. Mungu aliyempa akili hakukosea. Anatungoja sisi tuitafute njia ya kuifikia.