Hadithi za Walionusurika Angani

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii huijua hata watoto, lakini wasomi huisahau kila wafunguapo vitabu vya vita. Nakusudia vile vitabu vya askari wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, ambao ndege zao zilianguka, wao wakapona, wakarejea kwao, wakaandika. Vitabu hivyo husifiwa kuwa ni shule ya ushujaa. Mimi nadai kwamba, kwa jinsi visomwavyo, ni shule ya udanganyifu.

Itazamwe kwanza hesabu. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walitumika wanahewa wapatao 125,000. Waliokufa ni 55,573. Yaani katika kila watu 100, watu 44. Aliyeandika kitabu aliandika kwa sababu alibaki. Hatuna kitabu cha yule aliyekuwa na moyo mkuu kuliko wake, akateketea pamoja na ndege yake. Twasikiliza shahidi wa upande mmoja, kisha twajiita mahakimu.

Kichukuliwe kisa cha Nicholas Alkemade. Usiku mmoja wa Machi 1944, ndege yake aina ya Lancaster ilishika moto baada ya kuipiga Berlin. Yeye alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, na mwavuli wake ulikuwa umekwisha kuungua. Akaona heri kuruka bila mwavuli kuliko kufa kwa moto. Alianguka kiasi cha futi 18,000, akapokewa na matawi ya misonobari na theluji laini, akapona. Wajerumani waliomkamata hawakumsadiki mpaka walipoyachunguza mabaki ya ndege. Kisa hiki ni cha kweli, tena ni cha ajabu. Lakini kinathibitisha nini? Ushujaa wake haukuitandika theluji chini yake. Rubani wake alikufa usiku ule ule, wala hapana awezaye kusema kwamba moyo wa rubani ulikuwa mdogo.

Watetezi wa hadithi hizi hujibu kwamba bahati ni moja, lakini ustadi na uzoefu ndivyo viokoavyo wengi. Neno hilo lilipata kupimwa. Freeman Dyson, kijana wa hesabu aliyeingia katika makao makuu ya kikosi hicho mwaka 1943, alieleza baadaye kwamba wakubwa waliwafundisha askari kuamini kuwa mzoefu ana tumaini kubwa zaidi la kurudi. Dyson alipofanya hesabu, hakuona uzoefu ukipunguza hasara. Ndege za Ujerumani za usiku zilikuwa zimefungwa mizinga iliyoelekea juu. Zilinyemelea chini ya windo, mahali pasipofikiwa na jicho, zikapiga. Mgeni na mzoefu walikufa sawasawa.

Dyson alieleza na jingine. Katika ndege za Marekani zilizotunguliwa mchana, karibu nusu ya askari walinusurika. Katika Halifax ya Waingereza, kama robo. Katika Lancaster, 15 tu kwa kila 100. Tundu la kutokea la Lancaster lilikuwa na upana wa inchi 22, na la Halifax inchi 24. Mwenzake mmoja alipigania kwa muda mrefu tundu hilo lipanuliwe. Idhini ilipopatikana, vita vilikuwa vimekaribia kwisha.

Hapa ndipo penye madhara. Aaminiye kwamba aliyepona aliponywa na ushujaa wake, hana budi kuamini kwamba aliyekufa alipungukiwa na kitu. Na mwenye imani hiyo hawezi kuuliza habari za inchi 2. Sifa za waliopona hugeuka pazia la kuwasitiri waliochora ndege, waliotoa amri na waliochelewesha idhini. Tena pazia hilo huwafunika na wale waliokuwa chini ya mabomu: katika Hamburg peke yake, mwezi wa Julai 1943, walikufa watu zaidi ya 30,000. Hao nao hawakupata nafasi ya kuandika.

Pengine nitaambiwa kwamba nawavunjia heshima wazee waliopata taabu kubwa. La, hasha. Aliyenusurika ana haki ya kusimulia, na wengi wao walikiri waziwazi kwamba waliponea bahati. Lawama ni yetu sisi wasomaji na walimu, tulioigeuza shukrani ya mtu mmoja kuwa sheria ya vita vyote.

Basi mwanafunzi apewapo kitabu cha aliyerudi, apewe na idadi ya wasiorudi. Na aulizwapo kwa nini mtu huyu alipona, asiruhusiwe kujibu "ushujaa" kabla hajauliza upana wa tundu. Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini tundu jembamba si ajali. Lilichorwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu ungaliweza kulipanua.