Sadaka ya Simu Halali, Sala ya Simu Haramu?

Jumuiya moja ndogondogo ya Kikatoliki hapa Makole, Dodoma, ambayo jina lake nalistiri kwa kuwa ni majirani zangu, imepitisha hivi karibuni azimio kwamba mwanajumuiya aliyehamishwa kikazi, naye akaendelea kusali rozari ya Jumamosi pamoja na wenziwe kwa njia ya simu, asiandikwe katika daftari la mahudhurio, bali ahesabiwe mtoro. Nasema bila ya kuficha kwamba hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya ibada.

Wenye azimio wanayo hoja, na insafu yataka isemwe: Ekaristi haipokewi kwa simu, na mvivu aweza kuitikia litania hali amejilaza kitandani. Ni kweli, lakini jumuiya si Misa. Ni sala ya walei majumbani, ambayo maaskofu wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliisisitiza ili muumini asipotee katika umati wa parokia.

Lakini liko jambo moja ambalo kwangu lamaliza ubishi wote. Daftari la mahudhurio lina ndugu yake, nalo ni daftari la michango. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Makole kwenda Mtwara, akituma shilingi elfu kumi za rambirambi kwa simu, jina lake husomwa mbele ya wote, hushukuriwa, wala hapana aulizaye kama mwili wake umeketi mkekani. Na saa ile ile, kwa simu ile ile, akianza kulitaja tendo la tatu la furaha, huambiwa kwamba hayupo. Yupo kwa mfuko, hayupo kwa moyo! Ikiwa noti yavuka Iringa na Songea ikafika ikiwa halali, ni kadhi gani aliyehukumu kwamba dua huharibika njiani? Papa Fransisko, tarehe 27 Machi 2020, alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, na waliomfuata kwa redio na televisheni wakapewa rehema kamili. Na jirani zetu Waislamu wanajua kwamba Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Habasha, aliyefia mbali naye.

Na aibu yazidi kwa kuwa imetokea Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ambao tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016 umejaa watu walioacha wake, waume na watoto Dar es Salaam, wakila chakula cha jioni peke yao na kuwabariki wana wao kwa simu. Wenye kuishi hivyo ndio wanaomwita mwenzao mtoro!

Ama madaftari yote mawili yamtambue aliye mbali, ama yote mawili yamfute. Mchango wa Krismasi u karibu, na simu ya mweka hazina, nina yakini, itakuwa wazi usiku na mchana.