Masurufu ya Safari na Maandishi Madogo



Ndugu wasomaji, na hasa kina mama wenye funguo za jiko, safari za Umra zimekaribia na nyumba nyingi zimeanza kufunga mizigo. Katika aya ya 197 ya Sura Al-Baqara, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanaokwenda Hija wachukue masurufu, kisha anawakumbusha kuwa bora ya masurufu ni uchaMungu. Wengi wetu huihifadhi sehemu ya pili na kuipita mbio ile ya kwanza. Leo natuizungumze hiyo ya kwanza, kwa ajili ya msafiri ambaye aghalabu husahauliwa: yule asiyeweza kula ngano.

Kuna maradhi yaitwayo siliaki. Mwenye nayo akila gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo ukishaharibika, chakula hakifyonzwi ipasavyo: tumbo hujaa na kuharisha, damu hupungua, mtoto hudumaa. Tiba yake ni kuiepuka gluteni maisha yote, na hata chembe za mkate zaweza kudhuru. Basi binti anayekataa mahamri asubuhi kwa sababu hii si mdeko, wala hana maringo.

Nyumbani jambo hili lina wepesi. Wali, ugali wa mahindi, muhogo, samaki, vitumbua na mkate wa kumimina wa mchele havina gluteni, maadamu unga wa ngano haukuchanganywa. Chapati, sambusa, kaimati, tambi na bokoboko la ngano twavijua kwa macho. Taabu huanza tunapotegemea vya pakiti, kwani humo ngano haionekani. Huandikwa tu, tena kwa herufi ndogo.

Kina mama wa Kiislamu wanao ustadi wa kusoma herufi hizo. Mmezoea kugeuza pakiti na kutafuta jelatini, au ile E471 ambayo mafuta yake huweza kutoka kwa mnyama. Jicho ni lilo hilo, lakini orodha ni nyingine. Alama ya halali yatueleza kuwa chakula chafaa kisharia. Haisemi lolote kuhusu ngano, nayo ngano ni halali.

Tazameni kwanza neno “starch” na nambari za kuanzia E1404 hadi E1452. Hizo ni wanga uliobadilishwa ili kuufanya mchuzi uwe mzito. Wanga huo mara nyingi hutokana na mahindi, viazi au muhogo, lakini huweza kutokana na ngano. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria huwalazimu watengenezaji kuitaja ngano hiyo na kuipambanua kwa herufi nzito au namna nyingine. Kwa bidhaa ya kwingineko isiyotaja asili ya wanga, iacheni dukani. Pili, tafuteni “malt”, yaani kimea, ambacho kwa kawaida ni cha shayiri. Kimo katika nafaka za kifungua kinywa, biskuti na vinywaji vya kimea visivyo na kileo ambavyo vimejaa maduka ya Makka na Madina. Tatu, sosi ya soya, ambayo aghalabu hutengenezwa pamoja na ngano.

Yapo pia majina yanayotisha bure. Maltodekstrini si kimea. Glutameti, E621, si gluteni ijapokuwa majina yanafanana. Gundi za E412 na E415 hazina tatizo hili. Na pakiti isemayo haina ngano bado huweza kuwa na shayiri. Maneno ya kuyategemea ni “gluten free”; kwa kipimo cha kimataifa cha Codex, chakula hicho hakizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja.

Mkishafika, elimu ya madrasa itawafaa dukani, kwa kuwa herufi mlizojifunzia Juzuu Amma ndizo zilizoandikwa pakitini. Qamh na hinta ni ngano, shair ni shayiri, daqiq ni unga, samid ni semolina, nasha ni wanga. Mkiona “khali min al-gluten”, maana yake ni kuwa hakina gluteni.

Hapa linakuja suala ambalo mama mmoja aliniuliza. Bibi wa nyumba anataka mjukuu wake mgonjwa anyweshwe talbina, uji wa shayiri uliotajwa katika Hadithi kuwa humtuliza mgonjwa. Je, binti akikataa, ameikataa Sunna? La, hasha. Talbina ina heshima yake, wala hatuipunguzii. Lakini katika fiqhi madhara huondolewa, na kujitibu ni katika Sunna vilevile. Asali huliwa na wengi, wala hatumlazimishi yule ambaye humvimbisha koo. Bibi aelezwe kwa upole na kwa adabu, na mjukuu apikiwe uji wa mchele.

Basi kabla ya safari fanyeni haya. Someni kila pakiti nyumbani, msingoje kusoma uwanjani. Mwombeni wakala aagize chakula kisicho na gluteni katika ndege mara tiketi inapokatwa. Alama yake ni GFML. Mwulizeni mfamasia kuhusu vidonge mnavyobeba. Andikeni kwa Kiarabu karatasi fupi ya kumwonyesha mpishi wa hoteli, nanyi mwulize pia kuhusu viungo vya pakiti vilivyotiwa katika wali wa kabsa, na kama viazi vimekaangwa katika mafuta ya sambusa. Tende tupu, matunda, mayai ya kuchemsha na Zamzam havina shaka.

Mwenye kutufu huku tumbo likimsokota hupata tabu ya kuuhudhurisha moyo wake. Atakayemsomea mwenzake pakiti ili amwabudu Mola wake kwa utulivu, naye tunamtarajia fungu katika ujira huo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azitakabali safari zenu.

Wabillahi tawfiq.