Hofu ya Maegesho: Nani Anawalea Wezi wa Vioo?

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja mwandishi wa makala haya aliswali katika msikiti mmoja wa Temeke. Khatibu alikuwa katikati ya khutba ya kwanza, akizungumzia haki za mayatima, mara king'ora cha gari kikalia nje. Hakikulia zaidi ya nusu dakika. Lakini katika nusu dakika hiyo watu wasiopungua kumi waligeuza shingo kutazama madirishani, watatu wakatia mikono mifukoni kutafuta funguo, na mmoja akainuka, akapita juu ya mabega ya wenzake, akatoka. Hakurudi mpaka swala ilipokimiwa. Ikabainika kuwa paka alikuwa amerukia boneti.

Watu walilicheka jambo hilo baada ya swala. Mimi sikucheka, kwa sababu mmoja wa wale watatu waliotia mikono mifukoni nilikuwa mimi.

MOYO ULIOBAKI NJE

Wanaomiliki magari katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke aghalabu hawakuyapata kwa urahisi. Gari lililotumika Japani, likavushwa bahari, likashushwa bandarini na kulipiwa kodi, limekula akiba ya miaka mingi. Wapo waliouza kiwanja ili walipate. Wapo waliojitia katika mikopo ya riba, na hilo lina makala yake. Basi si ajabu mtu akilipenda gari lake na kulichunga. Wala dini haikukataza. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, naye akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Kufunga milango, kuweka king'ora, kuchora namba za gari kwenye vioo na taa kama ilivyo desturi ya mji wetu, yote hayo ni kumfunga ngamia.

Tunalolisema ni kuwa wengi wetu tumekwisha kupita hapo. Mtu anafika msikitini mapema, saf ya kwanza ina nafasi, naye anaiacha na kwenda kukaa karibu na dirisha ili alione gari lake. Anakwenda hospitali kumtazama mgonjwa, na kabla hajaketi ameshaaga, kwa kuwa nje kuna vijana waliokaa karibu mno na gari. Shangazi yake anaishi Tandale au Mbagala ndani ndani, hajamzuru tangu Idi iliyopita, na ukimuuliza sababu atakujibu kuwa kule gari halina pa kukaa. Undugu umekatwa kwa kuogopea mkwaruzo wa rangi!

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali katika nguo yenye mapambo, macho yake yakaangukia yale mapambo. Alipomaliza aliagiza nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika swala yake. Bibi Aisha (r.a.) ndiye aliyesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea. Nabii Sulayman (a.s.) naye alionyeshwa farasi wazuri jioni moja, na habari hiyo imo katika Surat Saad (38:31-33). Wengi katika wafasiri wamesema kuwa kuwatazama kulimshughulisha mpaka jua likazama, naye akajuta. Ikiwa nguo moja iliweza kumshughulisha mbora wa viumbe, na farasi wakamshughulisha Nabii aliyepewa ufalme, sisi wenye magari ya mtumba tunajiamini kwa lipi?

HOFU INAPOGEUKA DHULMA

Lau ugonjwa huu ungebaki moyoni mwa mwenyewe, tungemwachia yeye na Mola wake. Lakini haubaki moyoni. Hutoka nje ukawadhuru watu.

Tazama mtaa wowote wenye msikiti siku ya Ijumaa, kuanzia saa sita mchana. Pengine kuna uwanja wa wazi hatua mia mbili kutoka hapo, wenye nafasi ya kutosha. Mwenye gari lake la thamani hautaki, kwa kuwa ni wa kila mtu, na hapo bajaji inaweza kumgusa. Basi huliegesha mlangoni mwa msikiti, juu ya njia ya waendao kwa miguu, au mbele ya geti la jirani, au pale ambapo mama ntilie huweka meko yake. Mzee mwenye fimbo anashuka barabarani na kushindana na bodaboda. Mama mwenye mimba aliyeshikwa na uchungu saa hiyo gari la kumchukua halipiti, kwa kuwa mwenye kuziba njia yumo ndani anamwomba Allah rehema.

Na jirani yule huenda si Muislamu. Hajui khutba ilisema nini. Anachokijua kuhusu Uislamu wetu wiki hiyo ni kuwa alifungiwa ndani ya nyumba yake kwa saa nzima, na alipolalamika akaambiwa asubiri watu wamalize ibada. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Sisi tunakiweka cha kudhuru njiani, kisha tunaingia kuswali!

NANI ANANUNUA?

Sasa tuje kwenye kiini. Tunaogopa nini hasa katika maegesho ya watu wote? Mkwaruzo ni sehemu tu ya hofu hiyo. Kikubwa tunachokiogopa ni mwizi: yule kijana anayeng'oa kioo cha ubavuni kwa muda mfupi kuliko wa kutia udhu, anayechomoa taa ya nyuma, anayeondoka na betri. Tunamlaani asubuhi na jioni. Tunawalaumu polisi, tunailaumu serikali ya mtaa, tunawalaumu wanaokusanya ushuru wa maegesho kwamba wanachukua fedha bila kulinda.

Lakini jiulize, ndugu yangu: kijana yule anakifanyia nini kioo kile? Hana gari. Hawezi kukila wala kukivaa. Kama hakuna wa kukinunua, kioo kile ni kipande cha plastiki tu mkononi mwake. Amekiiba kwa sababu anajua kwamba kabla ya Adhuhuri kitakuwa kimepata mteja. Na mteja huyo ni nani ila mtu mwenye gari? Ni mimi na wewe.

Imekuwa mzaha mjini kwetu kuwa ukiibiwa kioo usiku, asubuhi utauziwa kioo chako mwenyewe. Tunausimulia mzaha huu na kucheka, wala hatuoni kwamba tunajishuhudia wenyewe. Maana huyo aliyekwenda asubuhi kukitafuta kioo kwa bei ya chini alijua anakwenda kwa nani.

Mwandishi hasemi haya akiwa amesimama pahala pa juu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuta kioo cha kushoto cha gari langu kimeng'olewa, zimebaki nyaya zinaning'inia. Fundi wangu akaniambia kipya ni ghali, nimpe fedha kidogo na kesho kitapatikana. Kesho yake kilipatikana, cha rangi ileile. Pembeni mwa kioo palikuwa na weupe wa msasa, mahali ambapo namba za mtu mwingine zilikuwa zimefutwa, na tarakimu moja bado ilisomeka. Niliiona. Nililipa, nikamshukuru fundi, nikaenda kuswali Alasiri. Kuna mtu mahali fulani mjini humu aliyekikosa kioo kile, naye huenda alikuwa katika saf moja nami.

Watu wana hoja zao, na ni haki tuzijibu. Wa kwanza husema: "Mimi si polisi, nitajuaje kuwa ni cha wizi?" Jawabu: unajua. Bei ya robo inakwambia. Alama ya msasa inakwambia. Muuzaji asiye na duka wala risiti, anayekitoa kioo kwenye mfuko wa plastiki huku akitazama nyuma, anakwambia. Sheria ya nchi nayo haikungoja mtu awe na yakini kamili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akiwa anajua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Na kabla ya sheria hiyo, Qur'an katika Surat Al-Maida (5:2) imetuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na ikatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Wa pili husema: "Nami nimeibiwa, nafidia changu." Huyu ameibiwa na mtu mmoja, akalipiza kwa mtu mwingine. Hiyo si fidia, ni kuupokeza wizi kama watu wanaopokezana ndoo ya maji.

Wa tatu husema kuwa vipuri vipya ni ghali na kipato ni kidogo. Huyu tunamhurumia, kwa kuwa ni kweli. Lakini vipuri vilivyotumika si vyote vya wizi. Wapo wafanyabiashara waadilifu Gerezani na Kariakoo wanaouza vipuri vilivyoingizwa kihalali, wenye duka linalojulikana na risiti. Tofauti ya bei kati ya duka hilo na ule mfuko wa plastiki ndiyo bei ya dhamiri yako.

HUKUMU YA BARABARANI

Lipo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Kijana huyu tunayemlea kwa fedha zetu, siku akikamatwa tunamuua. Kelele za "mwizi" zinapigwa, mawe yanaokotwa, tairi linaletwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyataja katika ripoti zake za kila mwaka mauaji yatokanayo na wananchi kujichukulia sheria mkononi. Wengine huuawa kwa simu, wengine kwa kuku, wengine kwa kioo cha gari. Na wengine hawakuiba kitu.

Katika umati ule wamo waliovaa kofia za swala. Wamo, yamkini, walionunua vioo.

Safwan bin Umayya (r.a.) alilala msikitini akiwa amelalia nguo yake ya thamani ya dirhamu 30. Mwizi akaichomoa chini ya kichwa chake. Safwan hakuwaita watu wampige. Alimshika, akampeleka kwa Mtume (s.a.w.), na hukumu ikatolewa. Hapo Safwan akamwonea huruma, akataka kumsamehe. Mtume akamfahamisha kuwa msamaha ulikuwa na nafasi kabla hajamfikisha mbele yake. Abu Dawud na Nasai wameipokea habari hii. Aliyeibiwa ndani ya nyumba ya Allah, tena usingizini, alikuwa na njia mbili tu: kusamehe au kumfikisha kwa hakimu. Njia ya tatu, ya tairi na petroli, haikuwepo, wala haipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika ibara ya 13, imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia, na katika ibara ya 14 imempa kila mtu haki ya kuishi.

Kioo hununuliwa kingine. Roho ya mtoto wa mtu hununuliwa duka gani?

LA KUFANYA

Hatutaki makala haya yaishie katika kulaumu. Tunapendekeza mambo matano, ambayo msikiti wowote unaweza kuyaanza Ijumaa ijayo.

Kwanza, maimamu walitamke juu ya mimbari, kwa lugha ya wazi, kuwa kununua kipuri cha wizi ni kushiriki wizi. Watu wengi hawajawahi kulisikia likitajwa kwa jina lake.

Pili, mafundi gereji wa Kiislamu waambiane. Fundi ndiye mlango. Akikataa yeye, soko limefungwa nusu.

Tatu, kamati za misikiti zitafute uwanja wa maegesho kwa makubaliano na mwenye eneo au serikali ya mtaa, na ziwaweke vijana wa mtaani kuwa walinzi kwa ujira wa halali unaochangwa na wenye magari. Huenda yule aliyeng'oa kioo mwaka jana ndiye atakayekilinda mwaka huu, akipata pa kula.

Nne, asiegeshe mtu juu ya njia wala mbele ya geti la jirani, ajapokuwa amechelewa. Na akifanya, kamati imtangaze kwa namba ya gari lake kabla ya khutba, atoke akaliondoe.

Tano, mwizi akikamatwa katika eneo la msikiti, msikiti uwe ngao yake mpaka afikishwe polisi akiwa hai.

Na wewe ambaye umejaribu yote hayo na bado moyo wako unabaki kwenye maegesho kila unaposema Allahu Akbar, fanya alivyofanya Mtume (s.a.w.) kwa ile nguo yenye mapambo: iondoe mbele yako. Siku ya Ijumaa liache gari nyumbani, upande daladala. Utafika umesukumwa, kanzu ina makunyanzi, lakini utakuwa umefika mzima, na moyo wako pamoja nawe.

Kioo kile cha kushoto nimekitoa. Mwenyewe sikumpata, ingawa nilimtafuta kwa ile tarakimu moja. Thamani ya kioo kipya nimeitoa sadaka kwa niaba yake, nami naomba toba. Ewe Mola wetu, tutakasie mali zetu, tulindie nyoyo zetu, na usitufanye sababu ya kuangamia kwa watoto wa wenzetu. Amin.