Mawe Hayaandiki Riwaya

Wahakiki wetu wana ugonjwa. Kijana akiandika riwaya, wao: "Nyumba hii ya nani, mtaa gani?" Mwishowe chipukizi anaogopa kalamu, asije akagombana na majirani.

Haya, nendeni Top Withens, Yorkshire, Uingereza. Ni gofu la nyumba ya mawe ya wakulima, zizi na ghala vikiwa vimeungana nayo. Watu humiminika pale, eti ndiyo nyumba ya *Wuthering Heights*, riwaya ya Emily Brontë ya 1847. Maulizo yalipozidi, mwaka 1964 kikabandikwa kibao: hata ilipokuwa nzima, haikufanana na ya kitabuni. Labda mahali tu ndipo palimkaa akilini. Jumba alilijenga mwenyewe, kwa wino. Nasi tuacheni tujenge yetu, jamani!