Baba Akaulizwa Ndani ya Motokari



Ile siku ya posho tulipoangalia filimu katika sale kubwa, umeme ulikatika mbele ya filimu kuisha. Wote waliokuwapo wanakumbuka. Ilikatika pale pale Tony alipomaliza kumnyonga yule mtu kwa waya. Basi juma nzima, ku robine, ku meza, hata ndani ya mistari ya asubuhi, maneno yalikuwa juu ya kifo kile tu. Wengi walisema: «Alistahili. Alichongea wenzake.» Wengine walisema masomo ya Kikristo hayapashwi kuonyesha filimu ya wauaji, na kwamba sisi makapita tulikosa kuomba ruhusa ya kuiangalia.

Mimi siko upande wa hawa wala wa wale. Posho iliyofuata tuliona kipande kilichobaki, na wachache tu walirudi kukiangalia. Ni hicho kipande kilichonifanya niandike. Nafikiri tuligombana juma nzima juu ya kifo, na tukaacha jambo lililo kubwa zaidi.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nieleze kidogo. Ni seri ya televizio ya Marekani, jina lake The Sopranos. Aliyeitunga ni David Chase, na HBO iliionyesha tangu mwezi wa kwanza wa 1999 mpaka mwezi wa sita wa 2007, sehemu 86 kwa jumla. Tuliyoiona sisi ni sehemu ya tano, inayoitwa «College». Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 7 Februari 1999, na wale walioiandika, James Manos Jr. na huyu Chase, walipata zawadi ya Emmy mwaka ule ule. Tony Soprano, aliyechezwa na James Gandolfini (marehemu tangu 2013), ni mmoja wa wakubwa wa kundi la mafia katika jimbo la New Jersey. Mbele ya watu kazi yake ni ya kuondosha takataka.

Tony ana binti, Meadow, anayesoma sekondari. Baba anamchukua katika motokari, wanasafiri mpaka jimbo la Maine, kule kaskazini, kuangalia vyuo ambavyo binti anaweza kuingia: Bates, Colby, Bowdoin. Pale sale yote ilinyamaza. Nani kati yetu amepata baba wa kuacha kazi yake siku nzima, kumtembeza mtoto chuo kwa chuo, na kumuuliza: hiki kinakupendeza?

Na ni ndani ya motokari ile binti anamuuliza baba yake, bila hasira, kama yeye ni mtu wa mafia. Baba anakataa kwanza. Anasema yeye ni mtu wa takataka, anasema hakuna kitu kinachoitwa mafia. Binti anamwangalia tu. Kisha baba anakubali kidogo: ndiyo, sehemu ya feza yake inatoka katika michezo ya kamari iliyokatazwa na mambo kama hayo. Binti anafurahi. Kwa mara ya kwanza baba amemwambia kitu cha kweli. Na jioni, wakiwa mezani, yeye pia anamtolea siri yake: alikuwa anatumia dawa za kumkesha usiku ili asome. Hakuna aliyemlazimisha.

Lakini njiani Tony amekwisha kumwona mtu anayemjua, Febby Petrulio. Huyu alikuwa wa kundi lao zamani, akakamatwa, akawatolea polisi siri za wenzake. Kule Marekani iko sheria ya 1970 inayoruhusu serikali kumficha shahidi wa namna hiyo, kumpa jina lingine na mahali pengine pa kukaa. Febby sasa anaitwa Frederick Peters, ana ofisi ndogo ya safari, ana mke na mtoto mdogo wa kike. Asubuhi Tony anamwacha binti yake ku chuo cha Colby kwa maswali ya kuingia, anakwenda kumnyonga yule mtu, kisha anarudi kumchukua binti.

Hapa ndipo umeme wetu ulipokatika. Na hiki ndicho wengi hawakukiona: Meadow anaona baba amechelewa. Anaona matope ku viatu. Anaona kidonda ku mkono. Anauliza tena, akimkumbusha kwamba sasa wanaambiana ukweli. Na baba anamwambia alirudi kutafuta saa yake iliyopotea. Binti ananyamaza. Hakuna kelele, hakuna machozi. Tuliona tu mlango uliofunguliwa jana ukifungwa.

Usiku ule ule, kule nyumbani, mama Carmela yuko na padiri wao. Mvua inanyesha, wanakula, kisha mama analia na kuungama. Anasema wazi kwamba anajua mume wake anafanya mabaya, na kwamba yeye mwenyewe ameyakubali ili nyumba iwe nzuri na watoto wakose shida. Padiri anamsamehe, anampa mkate na divai. Asubuhi nyumba ni ile ile, feza ni ile ile.

Rafiki mmoja aliniambia: «Hayo ni mambo ya Wakatoliki, sisi hatuungami kwa padiri.» Ndugu yangu, usicheke upesi. Sisi Waprotestanti tunasimama katika maombi ya jioni, tunatoa ushuhuda, tunalia, watu wanaitika Amina, na kesho buku la mwenzetu tuliloiba liko bado chini ya matela yetu. Zakayo hakuishia kula na Yesu mezani. Alisimama akasema atarudisha mara ine. Mama Carmela alisema yote, lakini alimwambia mtu ambaye hakumdai arudishe kitu.

Basi tuhesabu. Katika sehemu hii watu wane wanasema ukweli. Febby alisema ili asifungwe gerezani; tena alipogundua kwamba Tony amemwona, alitaka kulipa watu wengine wamwue Tony. Si malaika. Tony alisema nusu, ili binti asiulize nusu nyingine. Carmela alisema yote, lakini pahali ambapo hakitabadilika kitu. Ni Meadow peke yake aliyesema bila kununua kitu, na ni yeye aliyelipwa uongo. Kwa mawazo yangu, kifo cha Febby ni cha kutisha, ndiyo. Lakini kibaya kilicho karibu na sisi ni ile nusu ya ukweli. Uongo mtupu binti aliukataa pale pale, alipoangalia uso wa baba. Nusu ya ukweli aliishukuru.

Sasa nifike kwetu, kwa maana sikuandika hii ili niwahukumu watu wa New Jersey.

Finalisti wenzangu wanajua kwamba tangu mwanzo wa trimesta hii kulikuwa na liste. Ilikuwa na safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa na kichwa «Sherehe». Safu ya pili haikuwa na kichwa, na kila mtu alijua ni ya nini: ni «motivasio», feza ya kulainisha watu siku ya egzame ya Leta. Liste ile na feza vilikuwa mikononi mwangu, kwa sababu mimi ni kapita, na kapita anaaminika. Ndilo neno walilotumia.

Siku moja mtoto wa kalasi za chini, anayefagia upande wetu, aliiona juu ya meza. Akaniuliza: «Yaya, hii liste ni ya nini?» Nikamjibu: «Ni ya sherehe ya mwisho wa mwaka.» Sikusema uongo, safu ya kwanza ilikuwa ya sherehe kweli. Akaniangalia kidogo, akasema: «Sawa, yaya», akaendelea kufagia. Nilijisikia mwerevu sana.

Posho ile ya pili, nilipoona Meadow akiangalia viatu vya baba yake, nilikumbuka yule mtoto na ufagio wake.

Najua mtakayonijibu, kwa maana nilijijibu mwenyewe usiku mwingi. Mtasema: wazazi wetu wameuza mbuzi, wameuza hata kipande cha shamba, ili tufike kalasi ya mwisho; mtoto akianguka ku egzame, ni nani atarudisha mbuzi wale? Mtasema: kalasi zingine zinafanya hivyo, na sisi tutabaki nyuma juu ya usafi wa kapita. Hayo si maneno ya bure. Mimi pia nina mama anayengojea diploma ile. Lakini mama Carmela naye alisema ni juu ya watoto. Kila feza mbaya katika filimu ile ina jina la mtoto juu yake. Meadow mwenyewe, katika sehemu zinazofuata, anaingia universite ya Columbia, na feza inayomsomesha ni ile ile. Nawauliza: tukipata diploma kwa njia ya safu ya pili, siku mtoto wetu atakapotuuliza ndani ya motokari, «Baba, ulisoma wapi, ulishindaje?», tutamjibu nini? Tutamwambia tulikuwa tunatafuta saa?

Na wale walioshindwa kulipa safu ya pili, tunawafahamu kwa majina. Wamekuwa wakipita mbele yangu macho chini, kana kwamba wao ndio waliokosa.

Kwa hiyo nimefanya mambo matatu, na ninayaandika hapa ili nisiweze kuyakataa. Kwanza, siku ya pili ya juma hili nilirudisha feza yote ya safu ya pili, kila mtu yake, mkononi. Pili, liste ile nimeichoma, kwa hiyo sitawapa wakubwa jina la mtu. Lakini kama wakubwa wananiuliza jina langu mimi, litakuwa hapa, chini ya karatasi hii. Tatu, nilimtafuta yule mtoto wa ufagio, nikamwambia safu ya pili ilikuwa ya nini. Alishangaa kidogo, akaniuliza: «Sasa yaya, wewe utashinda namna gani?» Nikamjibu sijui. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nipewe ukapita kwamba nilimjibu mtu bila kutafuta nusu.

Wenzangu wane hawanisalimie tena. Wanasema nimekuwa mchongezi. Ndugu zangu, sikuchongea mtu isipokuwa mimi. Na feza ile iko mifukoni mwenu: inaweza kununua mafuta ya taa. Tangu siku ya kwanza ya juma lijalo, mimi nitakuwa katika kalasi ya mwisho ya upande wa robine, kila jioni baada ya maombi, na mabuku ya hesabu na fizika. Anayetaka kuja, aje. Hata wale wane.

Kuhusu filimu, nawaomba wakubwa wasiikataze. Ila siku nyingine umeme ukikatika, tungojee mwisho mbele ya kugombana.

Ni mimi, ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho